Kengele na Ukuta Uliokuwa na Magurudumu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu,

Vita vimekwisha, na jeshi linauza vifaa vya reli yake. Nimeinunua kengele ya stesheni! Ile ile. Ikilia, ulikuwa unaacha cherehani na kusema, "Kuna mtu karudi kwao." Nyumba imekuwa kimya mno tangu uondoke. Kaka yako naye kanunua reli chakavu. Nimemcheka moyoni.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Sajini wa stoo anauza kwa mstari wa chaki. Unanunua vyote vilivyo ndani, na vyote viondoke kabla ya Ijumaa jioni. Kikibaki kimoja, vyote vinarudi jeshini, kengele ikiwemo. Nyuma ya kengele, ndani ya chaki hiyo hiyo, palikuwa na turubai kubwa. Nilidhani ni ukuta. Sajini akalivuta. Kichwa cha treni! Kidogo, kwa maneno yake. Mimi nilikiona kinaizidi nyumba yetu. Nikavua kofia. Nilitamani kukiamkia.

Jumatano, 6 Machi

Mpango: kukisukuma hadi nje ya lango. Kumbe kimesimama juu ya reli za shemeji! Kakataa nisizitumie. Anadai nimekalia mali yake. Nami sishuki. Sajini katuambia tutakosa wote wawili. Tumenuniana hadi jioni.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kalegea. Majirani wakaja na mitaimbo. Kichwa kikasogea taratibu, kama mgonjwa anayejifunza tena kutembea. Reli zilizobaki nyuma, shemeji alizing'oa akazitandika mbele. Magurudumu yalinguruma hadi ardhi ikatetemeka. Sajini alisimama wima kama anayepokea mkubwa wake. Tukatoka langoni jua likizama, tukavuka barabara. Sasa kiko mlangoni kwetu. Dirisha la cherehani yako halionyeshi kingine.

Jumapili, 17 Machi

Reli za shemeji hazitoki, zimekaliwa. Basi kila jioni anakuja kuzilinda, na chai anakunywa hapa. Jana niligonga kengele. Akatazama kiti chako muda mrefu. "Dada angeacha kushona," akasema.

Kaniapisha nisinunue tena kitu bila kuchungulia nyuma yake. Nimeapa. Kesho sajini anauza ngazi nzuri ya chuma. Nimechungulia nyuma: hakuna turubai wala ukuta, ni daraja tu ambalo ngazi imeliegemea. Chaki imelizunguka daraja lote, lakini nani auze daraja? Nitawahi asubuhi.

Kengele ikilia, nikumbuke.