Uchambuzi Wangu wa Pasi za Kaneza

Jumatatu, 12 Mei
Siku njema sana. Madam Theodora, kocha wa timu ya wasichana ya chuo chetu, anatafuta mchambuzi. Jumamosi tunacheza fainali ya vyuo na wenzetu wa Nzega, hapa hapa Tabora, na hatujawahi kulishika kombe hilo. Atakayechaguliwa atakaa kwenye benchi la ufundi na kuvaa jezi ya timu. Tumejitokeza wawili: mimi, Renatus, mwaka wa pili, na Masolwa, ambaye anajua kusema “falsafa ya mchezo” kwa sauti nzito na hajui kitu kingine.

Kazi ni moja. Tumtathmini Kaneza, kiungo mchezeshaji: anavyopiga pasi, na anavyofanya akibanwa. Ripoti Ijumaa. Kaneza anatoka Ulyankulu, ni mpole, na mpira wote wa timu hupitia miguuni kwake.

Mimi sijawahi kucheza mpira wa maana. Hiyo ni faida. Mchezaji huona mpira, mchambuzi huona mwili.

Jumanne, 13 Mei
Nimemtazama mazoezini nikiwa nimelala kifudifudi kando ya mstari. Nimeona makosa! Moyo ulinidunda kwa furaha. Mguu wa kusimamia unakaa mbali na mpira. Bega la kulia linashuka. Na kabla ya kila pasi ndefu anauma ulimi. Pasi zilifika, nakubali, lakini zilifika kimakosa.

Baadaye nikamweleza. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, “Kwa hiyo kaka Renatus, pasi ikimfikia mtu bado ni kosa?”

Nikamwambia ndiyo, ni kosa la ndani. Akasema atajaribu kujirekebisha. Baba yake, ambaye hakuwahi kupenda binti yake acheze mpira, ameahidi kuja Jumamosi kumwona kwa mara ya kwanza, na Kaneza hataki kumwaibisha. Nimelala nikiwa mtu mkubwa.

Jumatano, 14 Mei
Amejaribu. Amesogeza mguu, amenyoosha bega, amefunga mdomo. Pasi ya kwanza ilikwenda kwa mama ntilie, ikatua kwenye sufuria la maharage. Ya pili ilimpata mwenzake mgongoni. Ya tatu hakuipiga kabisa, alisimama anautazama mguu wake kama wa jirani.

Madam akauliza ni nani amemgusa mtoto huyu. Masolwa akanionyesha kwa kidole. Wivu ni ugonjwa. Madam akamwambia Kaneza acheze alivyozoea, nami nikae mbali. Hakusema mbali kiasi gani.

Alhamisi, 15 Mei
Leo ilikuwa zamu ya presha. Mazoezini hakuna anayembana Kaneza sawasawa, kwa hiyo nikaamua kuitengeneza presha mwenyewe. Nikapanda juu ya mti wa mninga ulio kando ya uwanja, nikiwa na debe tupu. Mpango: akipata mpira, nalipiga debe kwa nguvu juu ya kichwa chake, kisha natazama bega.

Nililipiga vizuri. Sikuwa nimeuona mzinga. Uko tawi la nyuma, ni wa kikundi cha ufugaji nyuki cha chuo.

Masolwa alikimbia hadi mabwenini. Kipa alijifunika wavu. Kaneza peke yake alibaki na akili zake. Kwao wanafuga nyuki. Aliwaambia wenzake wasipunge mikono, waingie darasani na kufunga madirisha. Wote wakamtii, hata Madam. Kisha akarudi na kanga, akanifunika, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuanguka, akaniongoza kama kipofu. Njia nzima alikuwa akiniambia taratibu, “Pole kaka, usipige kelele, unawakasirisha.”

Nimeshindwa kuliona bega lake. Jaribio limeharibika.

Ijumaa, 16 Mei
Jicho la kushoto halifunguki. Shangazi Leonia, ninayeishi kwake Cheyo, alinipaka kitunguu huku akicheka hadi akakaa chini. Nikamwamkia shikamoo, akashindwa hata kusema marahaba.

Nimewasilisha ripoti. Masolwa naye amewasilisha yake, falsafa tupu. Madam akasema Masolwa hana faida wala madhara, basi atakaa benchi. Nilitaka kulia kwa jicho lililobaki. Lakini akanivuta pembeni. Akasema kipaji changu ni kikubwa mno kwa benchi. Kesho niende upande wa Nzega wakati wanapasha misuli, nimtafute Vestina, mchezeshaji wao, nimweleze kwa upole yale yote niliyomweleza Kaneza.

Uungwana wa michezo! Nimekubali papo hapo.

Jumamosi, 17 Mei
Vestina ni msikivu. Nilimwonyesha mguu wa kusimamia, bega, na jambo jipya la pumzi. Alinishukuru, akanipa pole ya jicho.

Kipindi cha kwanza alicheza akijitazama miguu. Pasi zake zilikwenda kila mahali isipokuwa kwa Nzega. Kocha wao aliuliza kwa hasira amerogwa na nani. Nikamwelewesha kwamba mabadiliko huchukua muda. Akaniita mwendawazimu.

Hata hivyo walijilinda vizuri, na hadi mwishoni ilikuwa bila bila. Hapo Kaneza akapata mpira katikati. Watatu walimvamia. Kwenye mstari alisimama Mzee Aleksi, baba yake, na koti lake la kanisani, mikono nyuma. Kaneza aliuma ulimi, bega likashuka, mguu ukakaa mbali kabisa, akapiga pasi ndefu iliyopita juu ya vichwa vyote na kutua mbele ya mshambuliaji wetu kama imewekwa kwa mkono. Bao.

Mzee Aleksi aliingia uwanjani mwamuzi akimfukuza. Alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili. Nami nililia, jicho moja tu, lakini kwa dhati. Kombe ni letu.

Jumapili, 18 Mei
Nimetafakari. Pasi ile isingewezekana bila msingi niliomjengea Jumanne. Nimemwambia Kaneza hivyo baada ya misa. Alicheka sana, akasema asante kaka, ila nikiwa na la ziada nimpelekee Vestina. Mkarimu.

Wakati wa misa yenyewe nilimtazama Raymundi, mwongoza kwaya. Wanaimba vizuri, sikatai. Lakini mkono wake wa kushoto unachelewa, na magoti hayashiriki kabisa. Pasaka ijayo watu watajaa kanisani, itakuwaje? Kesho namfuata nyumbani kwake Ipuli, nimweleze kwa upole.