Kamati ya Kulinda Kasha

Idara ya Nyaraka ina furaha kuuarifu umma kwamba, kuanzia mwezi huu, hakuna kompyuta itakayoruhusiwa kufa ndani ya majengo yake. Azimio hilo lilipitishwa bila kupingwa na Kamati ya Kulinda Kasha, ambayo mimi ni katibu wake. Mwenyekiti ni Mkurugenzi. Amemwoa dada yangu, jambo ambalo halikuhusiana hata chembe na uteuzi wangu.

Chanzo ni kompyuta ya dirisha namba tatu. Ilikuwa kompyuta ya jina, ya kampuni kubwa, si hizi za kuungaunga. Asubuhi moja ikazimika ghafla, foleni ya vyeti vya kuzaliwa ikiwa imefika getini. Akaitwa fundi wetu, mwanamke wa mkataba wa miezi mitatu ambaye sote tunamwita Bisibisi. Akaifungua, akanusa, akasema mazabodi imekufa, yaani ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, na kwamba ya aina ile haitengenezwi tena. Kasha, lile sanduku lake la nje, lilikuwa zima. Akashauri tulibakize, tuweke ndani yake mazabodi ya kawaida na pawasaplai ya kawaida, kile kisanduku cha kugawa umeme, mambo yaishe kabla ya chai ya saa nne.

Kamati haikuweza kuridhia haraka ya namna hiyo. Tulikaa vikao vinne. Tukaamua kasha libaki kwa sababu lina jina la kampuni usoni, na pawasaplai ibaki kwa sababu nayo ina jina hilohilo ubavuni. Kuitoa kungekuwa kuibomoa taasisi kutokea ndani.

Bisibisi alipoitwa mbele yetu alitoa maneno ambayo niliyaandika neno kwa neno, kwa kuwa yalikuwa ya utovu wa nidhamu.

"Mzee, pawasaplai hiyo tuitoe. Kampuni hii ina ujanja wake. Plagi yao ukiitazama ni sawa na za watu wote, lakini nyaya wamezipanga kivyao. Ukiichomeka kwenye mazabodi ya kawaida, unaiunguza."

"Plagi inaingia au haiingii?" Mkurugenzi akauliza.

"Inaingia."

"Bila kulazimishwa?"

"Bila kulazimishwa, mzee. Hapo ndipo penye ubaya."

"Binti, nina miaka ishirini na sita kazini. Kitu kikiingia bila kulazimishwa, hapo ndipo mahali pake."

Tukagonga meza.

Bisibisi akaomba basi apewe agizo hilo kwa maandishi. Akajibiwa kwamba maandishi ni kwa watumishi wa kudumu. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, siku ya uzinduzi, na mashine isipowaka asijisumbue kuja Jumatatu. Ana watoto wawili na mama mgonjwa, taarifa ambazo Kamati ilizipokea na kuzihifadhi.

Ijumaa tulilifunga kasha utepe. Mgeni rasmi kutoka wizarani akafika na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Bisibisi alikuwa amemaliza kila kitu: ubao umefungwa, nyaya zimelazwa vizuri, ila plagi moja ilining'inia karibu na tundu lake, imefungiwa kikaratasi: USICHOMEKE.

Mkurugenzi akamwuliza hiyo ni nini.

"Hiyo imebaki, mzee. Mkono wangu hauwezi. Labda achomeke mwenye uzoefu."

Mgeni rasmi akauliza kama kazi bado haijakamilika. Swali hilo lilimwingia shemeji yangu pabaya. Akakunja mikono ya koti, akang'oa kikaratasi, akanishikisha mfuniko wa kasha, akachomeka plagi mwenyewe. Iliingia kwa mlio mtamu.

"Mnaona?" akasema, akabonyeza kitufe.

Kompyuta ilitoa sauti ndogo kama ya mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Kisha moshi. Kisha taa za jengo zima zikazimika. Baadhi ya wajumbe walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Mkurugenzi akaninong'oneza niandike kwamba hitilafu imesababishwa na fundi. Nilikuwa nimeshafika kwenye neno "uzembe" mgeni rasmi alipoinama juu ya bega langu, shati lake sasa likiwa la kijivu, akaniomba nimkabidhi daftari. Akausoma muhtasari wote, hasa yale maneno niliyoyaandika neno kwa neno. Halafu akamgeukia Bisibisi, akamwuliza kama kitu hiki kinatengenezeka.

"Kasha ni zima, mzee. Kibovu ni cha ndani. Kinatolewa, kinawekwa kingine."

Mgeni rasmi akasema ushauri huo ni mzuri kuliko mwenyewe anavyodhani.

Jumatatu mlango wa Mkurugenzi ulikuwa uleule, kibao kilekile, kiti kilekile, pazia lilelile. Ndani alikaa mama mmoja kutoka wizarani. Shemeji yangu yuko nyumbani, anavaa tai kila asubuhi, na dada yangu ananipigia simu kuuliza nimfanyeje. Bisibisi amepewa mkataba wa kudumu, tena wa maandishi.

Jana aliitwa ofisini, nami nikaingia na daftari kama kawaida. Mama yule akamwuliza kama kuna kitu kingine ndani ya idara hii kilichokuja na mtambo wa zamani, kinachoonekana kuenea vizuri lakini kinaunguza.

Bisibisi alinitazama tu, taratibu, kama anayetafuta skrubu zilipo.