Picha ya Zlatka na Kompyuta Isiyouliza

Jumatatu, 9 Oktoba

Jumamosi Zlatka anatimiza mwaka mmoja tangu tumzike. Tangazo lake la kumbukumbu, ile karatasi yenye picha ambayo kwetu hubandikwa milangoni na kwenye nguzo, halijabandikwa popote. Stoyna, dada yake, anayekaa ghorofa ya chini yangu na kusikia kila ninachoangusha, alipanda ngazi kuniuliza nangoja nini. Eti majirani wameshaanza kusema nimemsahau mke wangu. Nikamwambia kila kitu kiko tayari. Uongo mtupu.

Ugomvi wetu ni picha. Stoyna anataka ile ya kitambulisho. Humo Zlatka amenuna, kola imefungwa hadi kooni, kama mtu aliyekamatwa kwenye treni bila tiketi. Mimi nataka ile ya Sozopol, ufukweni, anakula tikiti maji na kucheka, maji yanamchuruzika kidevuni. Ndivyo alivyokuwa. Ni picha pekee ninayoweza kuitazama bila kuondoka chumbani. Stoyna alinitazama kuanzia soksi hadi kichwani. "Shemeji, hilo ni tangazo la marehemu au la genge la matunda?"

Amenipa hadi Ijumaa. Nisipobandika langu, asubuhi hiyo atabandika la kwake, lililochapwa dukani, lenye kola. Nitamtangulia. Picha imo kwenye kompyuta, printa ninayo, wino upo. Mtu aliyeshusha na kupandisha kizuizi cha reli mpaka akastaafu hashindwi na karatasi.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimepata programu ya bure ya kupamba picha za marehemu. Fremu za malaika, mishumaa, njiwa. Stoyna hana njiwa!

Nikabonyeza. Skrini nzima ikaingia giza, kikatokea kisanduku kikiuliza kama naruhusu programu ya mtengenezaji asiyejulikana ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yangu. Naruhusu, ndiyo maana nimebonyeza. Nikakubali. Giza tena, swali lilelile, safari hii kwa ajili ya mishumaa. Nikakubali. Giza tena, kwa ajili ya njiwa. Hapo nikazima mashine na kwenda kumenya viazi.

Nilipokuwa kazini hakuna treni hata moja iliyosimama kuniuliza kama nina uhakika. Aliyeuliza alikuwa Zlatka. Penko, una uhakika umefunga gesi? Penko, una uhakika hiyo ni chumvi? Penko, una uhakika basi letu ni hili? Nilikuwa nikijibu ndiyo bila kugeuza kichwa. Mara nyingi basi halikuwa letu. Nyumba imekaa kimya mwaka mzima, na sasa mashine imejifanya mke.

Jumatano, 11 Oktoba

Lozan wa ghorofa ya kwanza, mtaalamu wa kila kitu kisichokuwa chake, alikuja kunywa kahawa. Akasema maswali hayo yanazimwa, kwake alishayazima zamani. Nikamuuliza kompyuta yake inaendeleaje. Akasema iliharibika, lakini kwa sababu nyingine.

Akanionyesha mahali. Kuna kijiti cha kuburuta. Juu kabisa wameandika nijulishwe kila mara. Chini kabisa, nisijulishwe kamwe. Nikakiburuta hadi chini. Giza! Kabla ya kunyamaza, mashine ikauliza kama nina uhakika nataka inyamaze. Lozan alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cha Zlatka. Mimi sikucheka sana. Nikabonyeza ndiyo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama siagi kwenye mkate wa moto. Malaika wakaingia. Mishumaa ikaingia. Njiwa wakaingia. Akaingia na kasuku wa kijani ambaye sikumwita. Amekaa pembeni mwa skrini na kutangaza hali ya hewa ya mji wa Lima, huko Peru. Nilipojaribu kumfukuza wakawa wawili. Lozan akasema hawana madhara, na wanachangamsha.

Nimemweka Zlatka katikati ya njiwa. Anacheka. Chini yake nimeandika jina na maneno haya: Mwaka mmoja bila sauti yako. Nilikaa nikiyatazama kwa muda mrefu. Kasuku akasema Lima kuna mawingu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimemtangulia Stoyna! Nilichapa asubuhi na mapema. Karatasi zilipotoka niliitazama sura yake tu, moja baada ya nyingine, ile ile, na kila moja ikanichoma upya. Nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua, nikatoka na gundi ya utepe.

Nikabandika mlangoni kwetu, kituo cha basi, ubao wa kanisa, nguzo ya posta, na ule mti ulio mbele ya duka la mikate ambao kila marehemu wa mtaa wetu hupitia. Nilipita mlango wa Stoyna nikipiga mluzi. Ubaya huo naujua, na niliufurahia.

Jioni mambo yakawa ya ajabu. Mwuza mikate alinipa mkono akanitakia safari njema. Nikadhani ana homa. Lozan akaniuliza naondoka lini, na kama ndege au meli. Nikamwambia aende akalale.

Ijumaa, 13 Oktoba

Heri ningekufa mimi, Zlatka abaki kuniandikia tangazo. Angelisoma kwanza.

Stoyna aligonga asubuhi, karatasi mkononi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akaniambia nivae miwani nisome mpaka chini. Nikavaa. Njiwa, Zlatka, tikiti, jina, mwaka mmoja bila sauti yako. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu ambazo mimi sikuziandika: HONGERA! UMESHINDA SAFARI YA WATU WAWILI! MWENZAKO ANAKUSUBIRI! PIGA SIMU LEO!

Kwenye skrini maneno hayo hayakuwepo. Yanatoka kwenye karatasi tu. Ndiyo malipo ya kitu cha bure.

Stoyna akasema padri amelisoma. Akasema bibi mmoja wa mtaa wa nyuma amepiga ile namba ili atoe rambirambi, na sasa wanampigia kila saa kumuuzia magodoro. Kisha akasema, "Shemeji, dada yangu alikuvumilia maisha yake yote. Mwaka mmoja tu amepumzika, umemfuata hukohuko."  

Nilitoka mvuani bila kofia nikabandua kila moja. Mlangoni, kwenye mti, kwenye nguzo. Ya kituo cha basi sikuikuta, nikadhani upepo umeichukua. Watu walinipisha kimyakimya. Nyumbani nikazitia zote kwenye jiko la kuni, nikageuka ukutani mpaka zikaisha kuungua. Kwa aibu sikutaka ibaki hata moja. Nilisema nitachapisha nyingine safi dukani, picha si ninayo.

Nikawasha kompyuta. Kasuku wamejaa skrini nzima. Picha ya Sozopol haifunguki. Wala ya harusi. Wala hata moja. Nikaibeba mashine ndani ya blanketi hadi kwa Filka, fundi wa karibu na soko, mwanamke mwenye sauti ya kengele. Akaniuliza nilibonyeza nini. Nikasema sikubonyeza kitu, haikuniuliza chochote. Akafungua, akakiona kijiti kimelala chini, akanitazama kama daktari anavyomtazama mlevi. "Haikukuuliza, mzee, kwa sababu uliiziba mdomo." Akasema picha zimeharibiwa, hazirudi, kilichobaki ni kuifuta mashine na kuanza upya. Akauliza kama nina nakala mahali pengine.

Sina. Zlatka aliwahi kuniomba niziweke kwenye flashi. Nikamwambia kesho.

Nakala zilikuwepo hadi saa sita mchana. Nilizichoma mwenyewe.

Jumamosi, 14 Oktoba

Makaburini. Mvua ilikatika. Padri alisoma bila kunitazama. Watu walikuja wengi kuliko mazishini. Nadhani wengine walikuja kuniona mimi. Stoyna alikuwa amechemsha ngano ya kumbukumbu ya marehemu, akaitia sukari na kokwa za jozi, akagawa kwa vikombe. Kwenye ubao wa kanisa lilikuwa tangazo lake, Zlatka mwenye kola. Nilisimama mbele ya tangazo hilo nikamtafuta mke wangu humo. Nilimpata kidogo tu, kwenye nyusi.

Watu walipoondoka nilimwambia Stoyna kweli yote. Picha zimekufa. Tangazo nimelichoma. Sitamwona tena akicheka. Nilisema hivyo nikalia mbele ya shemeji yangu, na kikombe cha ngano mkononi.

 Stoyna akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa pembeni. Ya kituo cha basi! Kumbe aliibandua yeye, Alhamisi ileile, kabla ya kujua chochote kuhusu kompyuta. Nikamuuliza kwa nini hakuichana. Akasema alikusudia. Alifika nayo jikoni, akasoma lile la safari ya watu wawili, akamsikia Zlatka akicheka hadi akashika mbavu, naye akajikuta anacheka peke yake, akashindwa. "Yeye angecheka wiki nzima, shemeji. Na angekuuliza kama ulikuwa na uhakika."

Akanipa. Kwa sharti moja. Iende kwenye fremu ya mbao, ukutani, na isikaribie kompyuta. Nikaapa juu ya kaburi. Nilimaanisha kila neno.

Jumatano, 18 Oktoba

Filka amerudisha mashine, safi kama sahani. Kijiti amekirudisha juu kabisa, akanionya nisikiguse.

Karatasi iko ukutani. Namwona asubuhi, namwona nikila. Ila mkunjo umempita puani. Na yale maneno mekundu chini. Fremu haiyafuniki, na mkasi siuthubutu. Nimevumilia siku tatu.

Lozan anasema kuna programu ya bure inayofuta mikunjo na maandishi kwenye picha. Unaiingiza karatasi kwenye mashine, inatoka mpya. Stoyna hatajua, leo yuko kwa daktari wa macho. Nitamchapia na yeye moja, ataniombea dua.

Nimeitoa ukutani. Nimebonyeza. Skrini ikaingia giza, swali. Nikakubali. Giza tena, swali. Mara ya tatu nilikwenda kukitafuta kijiti, nikakiburuta hadi chini. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika.

Nikajibu ndiyo, bila kugeuza kichwa.

Lima leo kuna jua.