Viatu Mlangoni kwa Mwalimu Jelle

Jumamosi, 10 Agosti 1996

Haji Keynan anakuja Alhamisi.

Haji ni ami yake Idman, msichana ambaye mwanangu Kadar anataka kumwoa. Baba yake Idman alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho ni la Haji. Ametuma ujumbe kutoka Eldas: analeta ngamia wake kwenye soko la Jumatano hapa Garissa, na kesho yake baada ya Asri atapita kwangu kunywa chai. Chai tu, amesema. Nani asiyeijua chai ya namna hiyo?

Na Haji hatazami ukuta wala kabati. Anatazama viatu. Kuna mchumba mmoja wa Wajir ambaye Haji alimkataa kwa sababu mlangoni kwa baba wa kijana huyo alikuta jozi moja tu ya ndara. Alisema nyumba isiyoingiwa na majirani, binti akilia, nani atamsikia?

Mlangoni kwangu kuna ndara zangu, za mke wangu Bishara, na raba za Kadar. Basi. Ng'ambo ya njia, kwa Rage muuza ngozi, viatu hujaa mpaka mtu anaondoka na vya mwenzake. Kwa nini, jamani? Rage hana hata kiti! Ana mkeka uliotoboka, birika jeusi, na redio iliyofungwa kwa mpira. Mimi nina makochi. Nina ukuta wa rangi. Nina lango la mabati lenye komeo. Miaka yote hii nawafundisha watoto wa mtaa huu Kiswahili, na hakuna mzazi aliyevuka lango langu ila kutafuta mbuzi wake.

Kadar hali chakula. Bishara anasema dawa ni moja tu, niache lango wazi. Nimemwambia mbuzi wataimaliza mipapai yangu. Akasema nichague, papai au mkwe. Huyu mama hajui mipango.

Jumapili, 11 Agosti

Mpango wa kwanza: redio. Wanaume wa hapa hawakosi habari za Kisomali kutoka London, maana wengi wana ndugu Mogadishu na hakuna anayelala bila kujua kumetokea nini. Nimeazima redio kubwa ya mwalimu mkuu, ile ya spika mbili. Nimeipachika dirishani ikitazama njia, nikafungua sauti hadi mwisho. Kisha nikakaa sebuleni na kikoi kipya.

Hakuna aliyekuja. Nikapanda ndoo nikachungulia juu ya lango. Walikuwa wote kwa Rage, wamejilaza kwenye mkeka, wanasikiliza redio yangu! Rage alikuwa amezima yake asimalize betri. Habari zilipokwisha alinipungia mkono, akashukuru, akasema kesho niongeze sauti kidogo kwa sababu upepo unachukua maneno.

Betri za mwalimu mkuu zimekufa. Sijui nitamwambia nini.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepata mgeni! Maalim wa chuo cha Kurani aliingia kumfuata mbuzi wake. Nilimshika mkono kabla hajatoka.

Nilimkirimu inavyopaswa. Nilimnawisha miguu kwanza, kwa sababu ya zulia. Nikamketisha kwenye kochi, ambalo sijaliondoa karatasi ya nailoni tangu nilinunue, na kwa joto la leo Maalim na nailoni wakawa kitu kimoja. Nikamwomba asiegemee ukuta, rangi inaachia. Nikamwomba asiweke kikombe mezani bila kitambaa. Kiswahili chake nilikisahihisha mara moja tu, tena kwa upole. Aliondoka kikombe kikiwa nusu. Aliponyanyuka nailoni ilitoa sauti ambayo singependa kuieleza hapa.

Bishara aliuliza kama yule alikuwa mgeni au mtahiniwa.

Nilifikiria kuazima viatu msikitini. Nikamwogopa Mungu, kisha nikamwogopa Maalim.

Jumanne, 13 Agosti

Usingizi hakuna. Bishara ananikaririsha nasaba ya Haji ili nisije nikaaibika mbele ya mgeni. Keynan Warsame Guled Samatar. Ndugu zake: marehemu babake Idman, kisha Shuaib, kisha wengine wa kule kisimani. Nimesoma mpaka majina yananifuata chooni. Kadar amenyoa ndevu, sasa anajuta, anasema anaonekana mtoto. Kweli anaonekana mtoto, lakini nimemwambia hapana.

Jumatano, 14 Agosti

Haji yuko mjini. Kadar amemwona sokoni akibishana na wanunuzi, akajificha nyuma ya lori la mbuzi. Kijana wangu ana mapenzi lakini hana ujasiri.

Mpango wa mwisho, na huu ni wa kisomi. Baada ya Adhuhuri nimepita nyumba kwa nyumba nikisema maneno yale yale: kesho, baada ya Asri, kwangu, tafadhali usikose. Kila mtu aliuliza kuna nini. Sikusema. Nikitaja posa, wenye husda watasikia, na Rage atamvuta Haji kwenye mkeka wake. Nilitikisa kichwa tu nikasema mtasikia hapo hapo. Tumbo lilikuwa linanikata, nadhani sura haikuwa ya furaha. Mke wa Rage, Hawo, aliuziba mdomo kwa mtandio akaingia ndani. Rage mwenyewe alinishika bega akaniambia nijikaze. Sikujua kwamba ni watu wenye huruma hivyo.

Bishara amekasirika. Anasema katika mji huu mtu haitwi kwa saa. Mtu anapita, anasikia kikombe, anaingia. Ukimwita kwa saa ni kesi, ni mchango wa ukoo, au ni kifo. Nimemwambia tuko miaka ya tisini, mambo yamebadilika. Nimechinja mbuzi wangu wa pekee. Kesho ndiyo kesho.

Alhamisi, 15 Agosti

 

Walikuja. Wote! Viatu vilijaa mlangoni, vikashuka ngazi, vikafika langoni. Nilisimama nikavitazama, machozi yakanilenga. Hapo ndipo niliponaswa, maana Maalim aliyaona machozi, akanikumbatia, akasema innaa lillaahi, kama anayemfariji mfiwa. Nikatazama vizuri. Wanawake walikuwa wanaingia kwa mlango wa jikoni na sukari na majani ya chai. Wanaume walikuwa wameketi kwenye zulia langu, miguu haijaoshwa, wanasoma Yasini.

Nikaelewa. Mtu mwenye akili angesema jamani, hakuna aliyekufa. Lakini Haji alikuwa njiani. Nikikana msiba, wataondoka, na viatu vitaondoka nao, na Kadar atanitazama vile anavyonitazama mpaka nizikwe kweli. Nikasema amin.

Rage akaniuliza kwa upole marehemu ni nani. Nikasema jamaa yetu. Wa wapi? Wa Eldas, maana wiki nzima sikuwaza mji mwingine. Jina? Shuaib. Nilidhani imekwisha. Nilisahau niko miongoni mwa nani. Kwetu mtu hafi bila babu zake. Shuaib wa nani? Wazee waliinama kunisikiliza, na babu wakaanza kutoka mdomoni wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama nilivyokaririshwa. Warsame. Guled. Samatar. Mzee mmoja akafuta uso, akasema Guled alimfahamu, alikuwa mkarimu sana.

Kisha wote wakatazama mlangoni. Haji Keynan alikuwa amesimama pale na vumbi la soko, ndara zake mkononi kwa kukosa pa kuziweka. Alisema Shuaib Warsame Guled Samatar ni ndugu yake. Amemwacha Eldas Jumapili, mzima, anakunywa maziwa. Akauliza habari imeletwa na nani. Ndara zikamwanguka. Akaketi chini palepale, na nikaona midomo yake inatafuta dua na haiipati.

Hapo sikuweza. Niseme nini, nami nina ndugu pia. Nikasema mbele ya watu wote kwamba Shuaib hajafa, hakuna aliyekufa, nilitaka tu viatu vijae. Yasini ilikatika katikati ya aya. Haji akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasujudu kumshukuru Mungu, pale pale kwenye zulia, akakaa chini hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka hakunitazama. Akavuka njia akaenda kuketi kwenye mkeka wa Rage. Watu wote wakamfuata, na sinia za mbuzi wangu wakazibeba.

Kadar amejifungia chumbani. Nimebisha. Amesema kupitia mlango kwamba hana la kuniambia, na sauti yake haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa ya hasira.

Ijumaa, 16 Agosti

Baada ya sala Haji aliniita kwa Rage. Nilivuka njia. Kadar alinifuata kwa nyuma.

Haji alianza vibaya. Alisema hajawahi kumwona mwongo kama mimi, na kwamba punda wake hangemnywesha kwenye kisima changu. Nikatazama tundu la mkeka. Kisha alisema jana usiku aliwauliza watu wa mkeka ule mmoja mmoja walikuja kumlilia nani. Hakuna aliyejua. Walikuja kwa sababu mwalimu alionekana ana huzuni. Aliwauliza kama wananipenda. Maalim alijibu kwa niaba ya wote kwamba hapana, si sana. Alirudia jibu hilo mbele yangu bila haya.

Haji akasema watu wanaoacha kazi zao na kuleta sukari kwa maiti wasiyemjua, kwa ajili ya jirani wasiyempenda, hao binti akilia watamsikia. Basi binti amewapa wao. Si mimi, wao. Nikaha iwe kabla ya Ramadhani. Sharti ni moja, lile lango litoke.

Kadar alilia kama ametahiriwa leo. Mimi pia, kidogo. Niliporudi nilimkuta Bishara langoni na nyundo.

Jumapili, 18 Agosti

Lango limelazwa nyuma ya choo. Nyumba imekaa uchi. Mbuzi wa Maalim wamekula mpapai wa kwanza na sasa wanautazama wa pili.

Asubuhi, kabla sijanawa uso, Rage aliingia na birika lake jeusi, akaketi kwenye ngazi. Hakuitwa! Akaanza kupuliza mkaa na kunisimulia habari za bei ya ngozi. Nyuma yake akaja Maalim, na nyuma ya Maalim wengine, na viatu vyao wakaviacha ovyo tu. Niliwaambia kwa heshima kwamba mambo haya yanahitaji utaratibu. Nikawaomba waende wakapumzike, nitawapangia siku na saa za kutembelea, kila mtu na zamu yake, na wasije na mkaa karibu na ukuta. Rage alinitazama, akamtazama Bishara, akainua birika lake. Wameondoka wote kwa adabu nzuri sana.

Sasa mlangoni kuna ndara zangu, za Bishara, na raba za Kadar. Na Haji ametuma salamu: Jumatano anarudi sokoni, kesho yake atapita tena kwa chai.

Lakini safari hii nimeshapata la kufanya, tena halina uongo mwingi. Jumanne nitaugua. Si sana, kiasi tu. Kadar atapita nyumba kwa nyumba kuwaambia waje Alhamisi baada ya Asri, na nimemwonya asitaje ni ugonjwa gani.