Jinsi Jipu la Mzee Honi Lilivyolishinda Dimbwi la Mlimani

Enyi mliokaa na mliosimama, mnaotafuna bado na mliokwisha kushiba, tegeni masikio, kwani habari hii lau ingetokea zama za wafalme ingepigiwa ngoma mpaka zipasuke. Ni kweli tupu, haikutiwa maji wala chumvi. Na ikipatikana humu punje moja ya chumvi, basi msimulizi na asugue masufuria yote ya karamu hii, hata lile kubwa lililoungulia.

Alikuwapo bwana mmoja, mstaafu wa ofisi ya maji, jina lake la vita Mzee Honi, Simba wa Usukani, ambaye katika utumishi wake wote chombo pekee alichokiendesha kilikuwa kiti cha ofisini chenye magurudumu, toka mezani hadi kwenye birika la chai na kurudi, pasipo ajali. Alipostaafu akanunua gari, jipu kuukuu lenye umri wa kuamkiwa shikamoo. Siku ya kulinunua, muuzaji alieleza kwa kirefu siri za magurudumu yake ya mbele, lakini Mzee Honi hakusikia neno, kwa kuwa alikuwa ndani akijaribu honi. Aliyesikiliza ni mkewe, na jambo hilo wakati ule halikuonekana kuwa na uzito.

Sasa huyo mke alikuwa na kaka, muuza magodoro, mtu mwenye ulimi kama msasa.

"Shemeji," akasema muuza magodoro, "hilo jipu kutoka getini tu linaombewa dua. Huko mlimani unakojisifu kwenda litafika kwa miguu ya nani?"

Mzee Honi akainuka, akashika kiuno, akanena: "Ewe uuzaye usingizi kwa futi, nisikilize. Jumamosi nitaipita njia ya msituni, ile ya wapasua mbao, hata maporomoko ya maji, nami nitarejea kabla jua halijazama, pasipo mkono wa mtu mwingine kulisaidia jipu langu."

"Ukirudi hivyo, vyombo vya karamu ya Jumapili naosha mimi. Ukisaidiwa, unaosha wewe. Na mama atakuwa amekaa hapo hapo anatazama."

Mama huyo ndiye mama mkwe wa Mzee Honi. Na ni mwanamume gani mwenye mvi zake atakayependa kuonwa na mama mkwe akiwa na povu mpaka viwikoni? Hata hivyo simba hakurudi nyuma. Wakashikana mikono.

Jumamosi ikapambazuka. Jipu likakohoa, likanguruma, likafuka moshi kama mji uliotekwa, na majirani wakafunga madirisha kwa heshima. Pembeni ya shujaa aliketi mkewe, chupa ya chai mapajani, kichwani kitambaa chekundu chenye madoa meupe. Wakaiacha lami, wakashika changarawe, kisha udongo, kisha njia ambayo mbuzi angeitisha kikao kabla ya kuikanyaga. Miti ilisimama kuume na kushoto kama majeshi yaliyopanga safu, ukungu ukashuka, matawi yakachapa vioo, na kima huko juu wakazomea bila adabu. Kwenye kila kona Mzee Honi alipiga honi, ijapokuwa wa kumpisha alikuwa kinyonga tu, naye hakuwa na haraka.

Wakafika njia panda.

"Kibao kinasema kushoto," akasema mkewe.

"Kibao huwekewa waoga," akajibu shujaa, akakata kulia.

Baada ya kulikuta lundo la magogo limeziba njia, wakarudi kinyumenyume mpaka kwenye kibao, wakaenda kushoto. Mwendo huo katika elimu ya vita huitwa kumchanganya adui.

Ndipo, kwenye bonde lisilofikiwa na jua, wakalikuta limelala njiani: dimbwi jeusi, pana, lenye subira. Mzee Honi akasimamisha jipu, akashusha kioo, akalihutubia.

"Ewe tope, mwana wa mvua, umemeza matrekta na kiburi cha wengi. Leo umekutana na mtu."

Akavuta ile gia fupi ya pembeni, inayoyaamuru magurudumu ya mbele yasaidie yale ya nyuma, kisha akajitosa. Jipu likaingia kwa kishindo, likafika katikati, likakaa. Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa ghadhabu, yakarusha matope mpaka kima wakahama. Yale ya mbele yakatulia kama wageni waalikwa.

"Mzee wangu," akasema mkewe, "ulishuka ukafunga vile vifungio vya magurudumu ya mbele? Yule muuzaji alisema bila kuvizungusha kwa mkono, hiyo gia ni pambo."

"Mama, samaki hafundishwi kuogelea."

"Haya, bwana samaki." Akamwaga chai iliyobaki kikombeni, akavua viatu. "Ngoja nishuke nichume maua."

Shujaa akainamisha kichwa juu ya usukani, akafumba macho, akakusanya nguvu za wahenga wake wote. Alipofumbua, mkewe alikuwa amekwisha kurudi kitini, matope mpaka viwikoni, kichwa wazi, mkononi hana hata jani.

"Maua yako wapi?"

"Yamegoma. Hebu jaribu tena."

Akakanyaga, na tazama, jipu likanguruma kwa magurudumu yote manne, likaruka ng'ambo kama swala aliyeona chui.

"Umeuona mguu huu?" akauliza shujaa.

"Nimeuona."

Wakafika kwenye maporomoko, Mzee Honi akayapigia honi, nayo hayakupisha. Wakarejea jua lingali juu. Kitambaa cha malkia kilichukuliwa na upepo wa vita, lakini ushindi haukosi gharama. Basi na liandikwe kwenye mawe: dimbwi lilishindwa na mguu mmoja wa mtu mmoja. Shemeji, sabuni iko pale.

Lakini shemeji hakuwa kitini. Alikuwa amechuchumaa uani kando ya jipu, ambalo halikuoshwa kwa amri ya shujaa ili matope yawe ushahidi.

"Mama, hebu njoo," akaita.

Katikati ya gurudumu la mbele, kwenye kifungio, kilikuwa kimebanwa kipande cha kitambaa chekundu chenye madoa meupe.

Mama mkwe akakitazama, kisha akamtazama binti yake. "Mwanangu, kile kitambaa nilichokuletea kimeenda wapi?"

"Vitani, mama. Kifungio kilikuwa kinateleza, nikakishikia hicho."

Msimulizi, ambaye mpaka hapo alikuwa akimtaja Mzee Honi kana kwamba hawajuani, akakohoa. "Ni upepo, mama. Upepo wa kule msituni..."

"Upepo una vidole, baba?"

Msimulizi akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaongozana na masufuria mpaka nyuma ya nyumba, huku muuza magodoro akimbebea kiti mama mkwe ili atazame vizuri.

Haukupita muda, sauti ikasikika kutoka kwenye povu:

"Enyi vijiko na visahani, tegeni masikio. Alikuwapo bwana mmoja aliyelizingira sufuria kubwa lililoungulia, peke yake, pasipo mkono wa mtu..."

"Geuza na chini, Mzee wangu," akasema mkewe. "Historia haijafika huko."