Fundi wa Mabati Aliyepaswa Kujifungua Leo

Wasee, niaje. Leo nimeaibika, na nimeaibikia Lindi, kule Kibera, mbele ya wanaume sita wenye nyundo mkononi. Naandika imeli hii suruali yangu ikiwa bado na matope ya Gatwekera, mtaa wa jirani. Someni polepole.

Kwa wale hawajui niko wapi siku hizi: nafanya kazi kwa kliniki ndogo ya akina mama hapa Kabiro, Kawangware. Vyumba viwili, mzani mmoja, na kompyuta tuliyopewa na wafadhili. Mimi ndiye mtu wa kompyuta. (Pia ndiye mtu wa kufagia, lakini hiyo siiandikangi kwa barua za nyumbani.) Mkubwa wangu ni Sista Ayuma, mkunga, mama wa Kakamega mwenye miguu ya askari. Wajawazito wake wengine wako hapa Kawangware, wengine wako Kibera, na wote huwaendea kwa miguu, daftari moja kuukuu likiwa kwapani.

Yaliyo kwa hilo daftari nilikuwa nimeshayaingiza kwa kompyuta, kwa spredishiti. Ukurasa wa kwanza, majina na mahali mtu anakaa. Ukurasa wa pili, habari za mimba: ni ya ngapi, mtoto amekaaje, siku ya kujifungua, na ushauri wa Sista. Mtu wa kwanza huku ndiye yule yule wa kwanza kule. Safi kabisa.

Sasa, mwezi uliopita mgeni mmoja akamwachia Sista zawadi. Oganaiza. Ni kidude kinaingia kiganjani, kina kioo cha kijivu na kijiti cha kukidonoa. Unakiwekea majina na tarehe, na siku ya mtu ikifika kinalia chenyewe. Sista alikigeuza geuza, akaniuliza, "Hezron, hiki kinaweza kubeba akina mama wangu wote?"

"Wote, Sista."

"Basi wapakie."

Mtu mwingine angekaa chini na kale kajiti, aandike jina moja moja. Mimi nimesoma. Niliandika skripti, yaani maagizo ya kuiambia kompyuta: chukua jina huku, chukua mimba kule, unganisha, tia kwa oganaiza, nenda mstari unaofuata. Wiki mbili nilipigana nayo. Jana mchana ikakubali. Majina yakapita kwa waya kama siafu, mpaka ya watu wasio na mimba: anayetuletea maji, fundi aliyetuzibia paa, mimi mwenyewe. Wote walikuwa kwa daftari la Sista na kwa spredishiti, mistari yao ya mimba ikiwa wazi, kwa hivyo wote wakaingia. Nilisimama nikajipigia makofi. (Nilikuwa peke yangu.)

Leo asubuhi tunakunywa chai, oganaiza ikalia. Nikaichomoa mfukoni kama mtu wa maana. Kwa kioo: LEO, ZAKAYO, LINDI.

"Zakayo?" Sista akauliza. "Zakayo ninayemjua ana ndevu."

"Pengine ni mke wake. Pengine aliandikishwa kwa jina la mume."

"Mimi ndiye niliyeandikisha."

Hapo ndipo nilisema kitu ambacho kimenifuata siku nzima. Nilisema, "Sista, kompyuta haisahau. Ni watu ndio husahau."

Yeye hana kiburi hata kidogo, na hicho ndicho kilinimaliza. "Haya," akasema, "wewe ndiye umesomea." Akanyoosha mkono achukue daftari lake. Nikamwambia aliache, hiyo tumeshavuka. Akaliacha mezani.

Tukatembea mpaka Lindi. Oganaiza ilikuwa mkononi mwangu njia yote. Sikumpa Sista aangalie, maana nilitaka kumsomea mgonjwa habari zake mwenyewe pale mlangoni, watu wasikie maendeleo.

Zakayo ana kibanda cha kutengeneza masanduku ya wanafunzi, yale ya mabati. Walikuwa sita, wanagonga, huwezi kusikia hata mawazo yako. Walipomwona Sista wakanyamaza wote, kwa heshima. Nusu ya watoto wao amewapokea yeye.

"Sista, karibu," Zakayo akasema. "Paa limevuja tena?"

Kabla Sista hajajibu nikasonga mbele. (Hakuna aliyeniita.) "Zakayo," nikasema, "leo ndiyo siku yako."

"Siku yangu ya nini?"

Nikadonoa kioo, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mimba ya tatu. Miezi tisa imetimia. Mtoto ametanguliza matako. Asijaribu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza, apelekwe hospitali mara moja."

Mzee mmoja kule nyuma akaweka nyundo chini, akauliza taratibu, "Zakayo, na baba ya mtoto anajua?"

Zakayo akajishika tumbo, akaliangalia. "Na mimi nilikuwa nafikiri ni ugali," akasema.

Jamani. Walicheka mpaka mmoja akaketi ndani ya sanduku alilokuwa anatengeneza. Wanawake wa kuuza mboga ng'ambo ya njia wakaja kuuliza kuna nini, wakaelezwa, wakaanza kumpa Zakayo hongera. Mwingine akamletea kiti. Mimi nilikuwa nadonoa kile kioo kama kuku, natafuta kosa, masikio yanawaka.

Mtu mmoja tu hakucheka. Sista Ayuma alinishika kiwiko. "Rudia hapo kwa matako."

Nikarudia, sauti sasa ni ya kanisani.

"Huyo ni Zipporah," akasema. "Zipporah Nekesa, Gatwekera, chini ya reli, mlango wa kijani. Mtoto wa kwanza alizaa vizuri, wa pili alimsumbua, huyu wa tatu nimejaribu kumgeuza mara mbili akakataa. Mumewe amesafiri. Kaangalie Zipporah kwa hicho kitu chako."

Nikaangalia. Jina lilikuwa hapo, la mwisho kabisa, likimfuata Zakayo. Chini yake, wazi. Hakuna neno.

"Sista, hapa hana mimba."

"Ana mimba. Nimeishika na hii mikono wiki jana." Na tayari alikuwa anaenda.

Wasee, nimeona watu wakikimbia, lakini huyu mama hakimbii. Anatembea tu, na wewe ndiye unakimbia. Anajua kila kichochoro, pa kuruka mtaro, pa kuinamisha kichwa mabati yasikukate. Nyuma yangu nikasikia viatu vizito. Ni Zakayo na mwenzake mmoja, wameacha kazi, na wamebeba kile kiti.

Zipporah tulimkuta amesimama mlangoni, mikono yote miwili kwa mwimo wa mlango, jasho linamtoka. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri. Jirani alikuwa amemwambia waende hospitali, akakataa.

"Nilijua utakuja, Sista," akasema. "Ulisema leo."

Hapo ndipo kicheko chote cha Lindi kiliniisha mwilini. Kama ile skripti ingempa mimba yake mtu wa Kawangware badala ya Zakayo, saa hiyo tungekuwa upande ule mwingine wa mji, na huyu mama angekuwa bado ameshika mlango, anatungoja.

Sista alimpapasa tumbo, akamwongelesha Kiluhya kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mahindi. Sikuelewa yote, lakini nilimwona Zipporah akishusha mabega. Kisha Sista akageuka. "Zakayo, kiti."

Wakamkalisha, wakakiinua, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wakapanda naye mpaka reli, wakavuka, mpaka barabarani. Zakayo alikuwa anamwambia, "Mama, vumilia, hata mimi ni siku yangu." Zipporah akacheka katikati ya uchungu, akamtukana kidogo. Kwa duka la kona kulikuwa na gari la mkate linashusha. Sista hakuomba. Alimwambia dereva, "Baba, toa hayo makreti," na dereva akayatoa, hata mimi nikasaidia. Tukaingia hospitali tukinukia mkate.

Wakampeleka kupasuliwa. Tukakaa kwa benchi, Sista na mimi. Ilibidi nimwambie. Nilikuwa nimeshalipata kosa kichwani nikiwa pale Gatwekera. Ukurasa wa majina ulikuwa na mstari wa vichwa juu yake: "Jina", "Mahali". Kwa ule wa mimba nilikuwa nimeutoa, nikidhani napendezesha. Skripti iliambiwa iruke mstari wa kwanza kote kote, kwa hivyo kule kwa pili iliruka mtu mzima.

Sista akafikiria. "Kwa hivyo kila mtu amepewa mimba ya jirani yake."

"Ndiyo, Sista."

"Na wa mwisho hakubakishiwa."

"Ndiyo, Sista."

Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, machozi kabisa, mpaka nesi mmoja akaja kumuuliza kama ana mgonjwa ndani. Alipomaliza alijipangusa na kitambaa akaniambia, "Una karatasi?"

Nikatoa karatasi. Akafumba macho, akaanza. Jina, mahali, alama ya nyumba, mimba ya ngapi, mtoto amekaaje, lini. Kabiro yote. Halafu Lindi. Halafu Gatwekera. Hakukwama, hakurudi nyuma. Wengine aliongezea vitu ambavyo hata kwa daftari havikuwepo: huyu anaogopa sindano, huyu usimwongeleshe mbele ya mama mkwe. Mkono wangu ulichoka kabla ya kichwa chake. Jioni hii nimelinganisha na daftari, mstari kwa mstari. Nilipata tofauti moja. Nikakagua tena. Nilikuwa nimekosea mimi kuandika.

Mtoto ametoka mzima, msichana, ana sauti kama ya honi. Mama pia mzima.

Tukirudi Kabiro nilimwambia Sista nitaufuta ule upuuzi wote, arudie daftari lake. Akasimama katikati ya njia. "Usifute. Rekebisha," akasema. "Mimi nitazeeka, Hezron. Kichwa hiki kitachoka siku moja, na akina mama wataendelea kuzaa. Hicho kidude nakitaka. Ila kesho daftari linatembea pamoja nacho, mpaka vizoeane."

Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Heri angenifokea.

Nimerekebisha sasa hivi. Mstari mmoja tu, wasee, wiki mbili za kazi na mstari mmoja. Lakini kabla sijairekebisha nilitafuta kwanza jina langu, kwa hamu tu ya kujua. Mimi nina mapacha. Mwezi wa tano. Sista ameshauri nipumzike, nisipandishwe hasira, na nile maini. Kwa hivyo naomba yeyote atakayesoma hii asinicheke, walau mpaka nijifungue.