Nota Nilizozipinda kwa Ajili ya Wezi

Jumatatu, 8 Septemba

Mchungaji kasoma barua baada ya ibada ya asubuhi. Walimu wote wa kwaya tuende semina Ngarenaro, siku tatu, tukafundishwe kuandika nota kwa kompyuta. Kila mmoja aje na wimbo aliotunga mwenyewe. Mwenyewe! Nimefundisha kwaya ya akina mama miaka thelathini na moja. Sijaona mtu anayekufundisha kupika halafu anakuambia njoo na nyama yako.

Baadaye kanivuta pembeni. Kasema usharika unataka mwalimu anayekwenda na wakati. Tukishika mkia tena kwenye mashindano ya jimbo, tarehe ishirini na moja, kwaya atapewa Naipanoi, kiongozi wa sauti ya pili. Naipanoi! Nilimfundisha mimi hata kufungua mdomo. Na mwaka jana hatukushika mkia. Tulikuwa wa saba. Kwamba kwaya zilikuwa saba, hilo ni jambo lingine.

Nitapeleka wimbo wangu wa mvua. Niliutunga mwaka wa ukame nikipalilia kahawa, na kwaya yangu inaujua kwa moyo. Lakini mimi si mjinga. Kwenye kiitikio, sauti ya pili, kila palipo na s, yaani so, nimefuta nikaandika l, la. Atakayeuiba ataiba na ugonjwa wake. Akiuimba mbele za watu, nitamjua.

Jumanne, 9 Septemba

Mkufunzi anaitwa Prisca, mwalimu wa muziki. Kanipa shikamoo kwa mikono miwili. Mtu akikusalimia kwa mikono miwili anatafuta kitu.

Kasema kila mmoja atunge neno la siri la kompyuta yake. Nikamuuliza, kama hakuna wizi humu, siri ya nini? Walimu wakacheka. Yeye kaenda kuchomeka waya. Halafu kasema tukimaliza mstari tuhifadhi. Nikauliza tuhifadhi wapi. Humo ndani, kasema. Humo ndani kwa nani?

Pembeni yangu kakaa Solomoni, mwalimu wa kwaya ya Kwa Mrombo. Ndiye aliyechukua kikombe mwaka jana na juzi. Ana miwani mipya. Ya nini, kama si kusoma daftari langu? Nikaweka kikapu katikati yetu. Akakisukuma. Nikakirudisha. Tumeshinda hivyo hadi chai.

Mpaka saa sita nilikuwa nimeandika mistari miwili. Solomoni kamaliza ukurasa. Anasema mjukuu wake alimfundisha nyumbani. Mzee mzima anajisifia kufundishwa na mtoto!

Jumatano, 10 Septemba

Leo kompyuta imeuimba wimbo wangu. Unabonyeza, inaimba. Haivuti pumzi, haikohoi. Nimechungulia nyuma yake. Waya tu.

Kiitikio kilipofika, Prisca akainamisha kichwa. Akakirudia. Akaniuliza polepole:

“Bibi Sabina, hii sauti ya pili ndivyo mnavyoiimba kweli?”

Nikajua kaona mtego. Nikamwambia ndivyo. Nikaongeza kwamba sisi wanawake wa mlimani tunaimba hivyo tangu enzi za mama zetu, na kama mjini hamjui, mjifunze. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Solomoni naye kavua miwani, kafumba macho. Anakariri! Nimemwona.

Ijumaa, 12 Septemba

Mambo yamebadilika. Mchungaji kaja hadi shambani, suruali imejaa umande. Nyimbo zote za semina zilikusanywa, na mmoja umechaguliwa kuwa wimbo wa lazima. Kila kwaya itauimba siku ya mashindano. Ni wangu! Umechapishwa, jina langu juu, nakala zimeshasambazwa jimbo zima.

Nilifurahi kiasi cha dakika moja. Halafu nikakumbuka zile l.

Nikataka kusema. Mdomo ulishafunguka. Lakini nitasemaje? Kwamba niliwadhania wote wezi, pamoja na Prisca na mikono yake miwili? Nikamwambia mchungaji asante, nikampa mkungu wa ndizi.

Nimetafakari nikikamua ng'ombe. Mbona hili ni jema? Kwaya zote zitaimba ugonjwa. Yangu peke yake itaimba uzima. Solomoni atasimama na watu wake arobaini walie kama mbuzi. Kumbe Mungu hajaniacha.

Jumatano, 17 Septemba

Mazoezi. Akina mama wameomba nakala, nimewanyima. Nimewaambia mwanamke anayesoma karatasi hawezi kuinua kidevu.

Naipanoi kabaki nyuma. Anasema dada yake yuko kwaya nyingine, kaiona ile karatasi, na sauti ya pili si kama tunavyoimba sisi. Kauliza kama turekebishe. Nikamuuliza nani katunga, mimi au karatasi? Kasema wewe, mwalimu. Basi, nikamwambia, nenda nyumbani ukapike.

Kaenda. Lakini alitembea polepole. Huyu anaitaka kwaya yangu, na sasa anataka kunitia mashaka kabla ya siku yenyewe. Simpi.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika kabla hata sijavua nguo za kwaya.

Kwaya ya Solomoni ilitangulia. Nikakaa mbele nione aibu yake. Walipofika kwenye kiitikio, sauti ya pili ikapanda kwenye ile l, ikaning'inia pale, kama mtu anayesita mlangoni. Mwanamke nyuma yangu akaanza kulia. Mzee wa kanisa mmoja akavua kofia, akasahau kuirudisha. Nami, Mungu anisamehe, nywele zilinisimama.

Tukaingia sisi. Tukaimba wimbo wangu wa kweli. Videvu juu, kila mmoja! Nikawaona majaji watatu wanatazama karatasi, wanatazama sisi, wanatazama karatasi. Kalamu zikaanza kwenda.

Tumekuwa wa saba. Mwaka huu kwaya ni tisa, kwa hiyo mtu asiseme tumeshika mkia. Solomoni wa kwanza.

Jaji mkuu kasoma maoni yake kwa kipaza sauti. Kwaya yetu ina sauti nzuri, “ila imeimba kinyume na nota za mtunzi.” Watu mia tatu wakageuka kumtazama mtunzi.

Solomoni kanifuata nje. Kanishika mkono, macho mekundu. Kasema, “Mama, miaka yote hii nilikuwa nakudharau. Ile sauti ya pili umeitoa wapi?”

Nikamwambia kichwani.

Jumatatu, 22 Septemba

Mchungaji kaja tena. Hakutaka chai. Kasema wa saba kati ya tisa si mkia, kweli, lakini mtunzi kukosea wimbo wake mwenyewe, hilo hajawahi kuliona. Naipanoi ndiye aliyeniombea. Kasema hataki kwaya, anataka karatasi tu. Basi nimeachiwa mpaka Krismasi, kwa masharti. Nirudi semina ya pili mwezi ujao, nipeleke wimbo mpya, na siku hiyo ya Krismasi tuuimbe kama ulivyochapishwa.

Naipanoi kunitetea? Nimewaza tangu asubuhi na sijaelewa anachokitafuta. Nimeamua kumsalimia kwa mbali.

Solomoni nimeshamwelewa. Alijua. Aliona nilipofuta penseli, ndiyo ile miwani. Akazifundisha zile l taratibu mpaka zikapendeza, ili anitoe machozi mbele ya majaji. Hapana mtu anayeimba hivyo kwa bahati.

Wimbo mpya nimeuanza, wa Krismasi. Na safari hii hawanipati. Solomoni atakuwa kawaambia wote kwamba mimi napinda nota, na sasa watakuwa wanatafuta nilipopinda. Kwa hiyo kwenye kompyuta nitaandika zile za kweli, s kwa s, bila kosa hata moja. Zilizopinda nitaifundisha kwaya yangu, kimyakimya, huku nyumbani.

Wanikamate hapo.